Mkono wa Nyuma wa Pikipiki Ukipata Ufa, Usiuchomelee

Mkono wa nyuma, au swingi-amu kama tunavyozoea kuuita gereji, ndio unaoshika gurudumu la nyuma na kuliruhusu kupanda na kushuka, huku ukivutwa na cheni, ukisukumwa na breki na kubeba uzito wa abiria. Chuma chake hupindika kidogo mno kila tairi inapogonga tuta, na baada ya miaka mingi huchoka. Uchovu huo kwa kawaida huanzia pale palipochomelewa kiwandani: kando ya bomba linalopitisha bolti kuu (ile inayouunganisha mkono na fremu), kwenye kishikio cha shoka, yaani springi ya kupunguza mtikisiko, au pale bamba la kuimarisha linapokomea.

Sisi wa Mombasa tuna adui wa ziada, yaani chumvi. Pikipiki inayovuka Likoni kwa feri kila siku, ikipita penye sakafu iliyolowa maji ya bahari, hurushiwa maji hayo upande wa chini. Mikono mingi ya chuma ina matundu madogo upande wa chini ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na tope lililochanganyika na grisi ya cheni, chuma huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa.

Ufa wa pikipiki yangu, ambayo ni ya Kijapani ya zamani yenye shoka mbili, niliuona nikiiosha. Ulikuwa uzi mwembamba wa kutu kando ya mchomeleo upande wa cheni, na rangi iliyouzunguka ilikuwa imeinuka kama ganda. Nilipopitisha msasa laini kutu ilitoka, lakini mstari ukabaki. Ukiwa na shaka, safisha mahali hapo hadi pakauke, paka mafuta ya taa, yaache kwa muda, yafute kabisa, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ni njia ya kale, haihitaji kifaa chochote, na huonyesha urefu halisi wa ufa, ambao mara nyingi huwa mrefu kuliko ule unaoonekana kwa macho.

Fundi wa kuchomelea atakwambia, kama nilivyoambiwa mimi, "Lete, mkubwa, hii nakutengenezea sasa hivi." Simdharau, wapo wenye mikono mizuri. Hata hivyo, joto hubadilisha tabia ya chuma kando ya mchomeleo mpya, kwa hiyo ufa mwingine huweza kuanzia papo hapo. Joto hilo hilo huweza kuupinda mkono kiasi kwamba gurudumu halikai tena katika mstari mmoja na la mbele. Zaidi ya hayo, unachomelea juu ya chuma ambacho huenda kwa ndani kimebaki chembamba kama bati. Kwa kipande ambacho kikivunjika ukiwa kwenye mwendo gurudumu la nyuma hukosa wa kulishika, mimi sioni sababu ya kujaribu bahati.

Kwa pikipiki ya zamani, huenda ukalazimika kununua mkono uliotumika. Kabla ya kulipa, ulaze juu ya kioo au bamba lililonyooka uone kama unatikisika, pitisha bolti kuu kutoka upande hadi upande bila kuilazimisha, na uchunguze nafasi za ekseli zisiwe zimetanuka. Mkono uliopakwa rangi mpya kabisa nautilia shaka kuliko wenye kutu ya wazi.

Kutoa ule wa zamani ndiko kunakochosha, kwa sababu bolti kuu huganda ndani ya bushi, yaani vibomba vifupi vinavyoizunguka. Imiminie mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia, rudisha nati hadi ilingane na ncha ya bolti ili kulinda meno, kisha gonga kwa kutumia kipande cha shaba au mti mgumu. Hakikisha fremu imeegemezwa vizuri, maana bila gurudumu la nyuma pikipiki hupenda kulala.

Usirudishe bushi za zamani. Mpya zisukume kwa jiriwa badala ya nyundo, paka bolti grisi isiyoondoka upesi kwa maji, na usisahau mpira unaozuia cheni kusaga mkono. Kama bushi ni za mpira ulioshikana na chuma, kaza nati kuu pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza mkono ukining'inia, mpira utabaki umejikunja siku zote na utachanika mapema. Nguvu ya kukazia ifuate kitabu cha modeli yako.

Alama za kupangia gurudumu usiziamini kwenye mkono uliotumika. Pima kutoka katikati ya bolti kuu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili, mpaka vipimo vilingane. Cheni ya pikipiki nyingi ndogo huachiwa ulegevu wa milimita 20 hadi 30, lakini ipime tena mtu akiwa ameketi, kwa sababu cheni hukaza zaidi pale sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya mbele, bolti kuu na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ikikaza hapo kupita kiasi, ilegeze. Mwisho, weka pini mpya kwenye ekseli, na baada ya safari fupi ya kwanza pitia nati zote tena kwa spana.