Madodoso 246 ya nini, Mwalimu?

SWALI: Nafundisha Jiografia kidato cha tano, shule ya bweni yenye wanafunzi 640. Kundi moja la watu sita, kombi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), linachunguza kwa nini chakula kingi kinamwagwa bwaloni. Wametumia fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, wakapata sampuli ya wanafunzi 246. Tuna wiki mbili tu, na karatasi za kuchapia ni shida. Je, tukichukua asilimia 10, yaani wanafunzi 64, utafiti utakubalika? Pia kuna kijana wa steshenari ya jirani anayesema atawafanyia uchambuzi wa data kwa hela kidogo. Ni sawa?

JIBU: Kijana wa steshenari mwambieni hapana, nitamrudia. Kinachonikera zaidi ni hiyo 246, maana haipiti wiki bila mtu kuniletea fomula hii kama hirizi. Hesabu yenu haina kosa: 640 gawanya kwa 2.6, yaani 1 kujumlisha 640 mara 0.05 mara 0.05. Tatizo ni kwamba swali lenu halikuiomba.

Fomula ile ina kazi moja. Ukitaka kukadiria ni asilimia ngapi ya watu wana hali fulani, na ukiwachagua kwa bahati nasibu, inakuambia uwahoji wangapi ili makadirio yasipotoke kupita kiwango ulichojiwekea. Hiyo 0.05, yaani kosa la asilimia 5, hamkulazimishwa na Yamane wala na Baraza la Mitihani. Mmeichagua wenyewe, au tuseme ukweli, mmeinakili. Mkihoji 64, kosa linapanda hadi karibu asilimia 12: mkikuta nusu ya wanafunzi hawapendi makande, hali halisi yaweza kuwa popote kati ya asilimia 38 na 62. Kwa mradi wa shule mimi naridhika, ilimradi ripoti iseme hivyo waziwazi. Asilimia 10 nayo si kanuni ya lazima. Ila 64 ni idadi ambayo watoto sita wanaimudu kwa wiki mbili bila kughushi.

Na kughushi kupo, Mwalimu. Shika bunda la madodoso uyaangalie: kalamu moja, vema zote zimelala upande mmoja, “Nakubali sana” kuanzia juu hadi chini, hata pale swali la 7 linapopingana na la 9. Mtoto aliyeambiwa alete 246, akapata 90, atayajaza yaliyobaki usiku wakati wa prepo. Halafu tunampa alama nzuri kwa sababu sampuli yake ni kubwa!

Wingi haujawahi kuokoa uteuzi mbovu wa watu wa kuhojiwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni karibu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wengi wa waliotumiwa hawakujibu. Sasa wanafunzi wako wakigawa karatasi kwa rafiki zao wa bweni moja, 246 itawasaidia nini?

Chakula kinachomwagwa kinapimika, basi kipimeni. Ombeni mizani ya stoo. Pimeni ndoo tupu, kisha ndoo yenye mabaki baada ya kila mlo, muandike siku, aina ya chakula, saa kilipopakuliwa na idadi ya waliokula. Wawili wasome mizani kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Siku kumi za namna hiyo zitaonyesha kama shida ni makande, au ni wali uliochelewa hadi kengele ya vipindi ikagonga. Hapo ndipo mtakuwa na cha kuwauliza wale 64. Majina yao yatoke kwenye rejista: pigeni kura ya namba kati ya 1 na 10, muanzie hapo, kisha kila jina la kumi. Karatasi zisiwe na majina, na zisikusanywe na mwalimu wa zamu wala kiranja wa chakula. Wapishi waulizeni kwa mdomo, kwa Kiswahili. (Nimeona dodoso la Kiingereza kurasa nne likikabidhiwa mpishi mwenye mwiko mkononi.)

Kuhusu kugawana sura za ripoti, huyu utangulizi, yule hitimisho: acheni. Kila mmoja aende kwenye ndoo, na kila mmoja aweze kueleza namba yoyote iliyomo kwenye ripoti.

Sasa kijana wetu. Anachouza ni “sura ya nne”, ile ya uchambuzi wa data, iliyokwisha kuandikwa, anabadilisha jina la shule tu. Nimesoma ripoti ya shule ya wasichana yenye jedwali la jinsia: wanaume 0, wanawake asilimia 100, na chati ya duara juu yake. Nyingine ilihusu shule ya Morogoro hadi ukurasa wa 11, ambako ghafla ilihamia Tabora. Wateja wake wanatengenezwa na sisi walimu, tunaodai fomula na sura tano bila kuuliza hata mara moja, “Hii namba uliipata wapi?” Mtoto anayenunua sura kidato cha tano ataijua njia ya dukani atakapofika chuo, na huko bei ni kubwa zaidi.

Kundi lako linahitaji mizani, ndoo mbili na ruhusa ya mkuu wa shule ya kuingia jikoni. Barua ya kuomba ruhusa iandikeni leo, na muieleze vizuri nia yenu, kwa sababu kupima chakula cha shule kunaweza kumkosesha raha zaidi ya mtu mmoja.