Kabla ya kutoka nje ya mwamba, jua mkondo mkuu unaelekea wapi

Vijana wa Lamu wenye boti za faiba wanajua vizuri bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Ndani ya milango ya visiwa hesabu hiyo yatosha. Ila ukikaribia ukingo wa kilindi, pale maji yanapoacha ukijani yakawa buluu nzito, kujaa na kupwa hakukuongozi tena. Hapo anayekuchukua ni mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Mkondo huu huzaliwa maji ya Bahari ya Hindi yanapogonga bara karibu na Rasi ya Delgado, Msumbiji, na sehemu yake kugeuka kaskazini. Wakati wa kusi, msimu wa upepo utokao kusini, hupita kwetu kwa nguvu, ukavuka ikweta hadi Somalia. Unaweza kufika maili 4 za bahari kwa saa. Hata ukiwa wa maili 2 tu, mashine ikizima alfajiri, adhuhuri uko maili 12 kaskazini, yaani kama kilomita 22. Ndiyo maana msimu wa kusi mimi huanza kuvua kusini ya Lamu, ili maji yakinisogeza yanisogeze kuelekea nyumbani.

Kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na wetu katika maji haya haya ya Lamu na Malindi, na mahali pa kukutana huhamahama. Yakishakutana, maji hushika njia ya mashariki, bahari kuu. Waliobaki pwani wakikutafuta upande wa Kiwayu, kaskazini ya Lamu, kwa mazoea ya kusi, hawatakuona. Na ndugu zetu wa Malindi wajihadhari: mkondo ukipanda kaskazini huku upepo wa kaskazi ukiupinga, mawimbi huwa mafupi na ya wima, hatari kwa boti ndogo.

Kwa hiyo, ukifika nje, weka mashine huru, soma mahali ulipo kwenye simu, ungoje dakika 10, usome tena. Zidisha mwendo ule mara 6, upate mwendo wa saa nzima. Upepo nao umo ndani ya hesabu hiyo, na ni sawa, kwa kuwa boti iliyozimika husukumwa na vyote viwili. Mpigie mtu wa nyumbani mtandao ungali unashika, umwambie: naelekea upande huu, kwa kasi hii. Naye aandike na saa uliyompigia.