Maswali ya Wasomaji: Baruti ya Zamani ya Jeshi

SWALI: Nimenunua mnadani, hapa Kansas, kopo la baruti ambalo karatasi yake imefifia. Kinachosomeka ni namba 4831 tu. Je, naweza kujazia risasi za .270 kwa kufuata kitabu cha vipimo?
Msomaji, Wichita

JIBU: Hapana, kwa sababu namba hiyo ina baruti tatu. Ya kwanza ni ya jeshi lenyewe, iliyotumika kwenye mizinga ya Oerlikon ya milimita 20 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa huko huko Kansas, aliyekwishaanza kuuza 4895, baruti ya jeshi ya risasi za .30-06, aliinunua kwa wingi akawauzia wawindaji kwa bei ya chini sana. Ya pili ni H4831, iliyotengenezwa upya baada ya akiba ya jeshi kwisha. Ya tatu ni IMR 4831 ya kampuni ya DuPont, iliyotoka baadaye, na hatari iko hapo: inaungua haraka kuliko H4831. Ukiweka IMR kwa kipimo cha juu cha H4831, shinikizo linapita kiwango cha bunduki.

Macho hayatakusaidia. Zote ni vijiti vifupi vya kijivu vilivyopakwa grafiti, na baruti nyingine kadhaa zinafanana nazo. Maandishi ya kalamu juu ya kopo nayo si ushahidi, maana hujui aliyeandika alimimina nini ndani. Kama jina kamili, namba ya toleo (mkupuo wa kiwandani) na lakiri ya kiwandani havipo, iteketeze.

SWALI: Nitajuaje kama baruti imeoza?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Toka nje, mwaga kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe penye mwanga mzuri. Baruti nzima inanukia etha au spiriti, na punje zake hazina vumbi. Iliyooza ina harufu kali ya asidi inayochoma pua, na huacha vumbi jekundu-kahawia mfano wa kutu, hata kama kopo ni la plastiki. Ukiona moshi wa kahawia unapofungua kifuniko, huhitaji kipimo kingine. Kwenye risasi zilizokwisha kujazwa, tazama kama kuna ukijani shingoni mwa ganda na nyufa ndogo: asidi imelila ganda kutoka ndani.

Chanzo ni nitroselulosi yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha baruti. Huvunjika polepole na kutoa oksidi za nitrojeni, nazo zikibaki humo huharakisha kuvunjika zaidi. Kiwandani hutiwa kemikali ya difenilamini ili izinase, lakini hiyo nayo hupungua, na joto huimaliza mapema. Ndiyo maana baruti iliyokaa miaka mingi kwenye dari la bati huharibika kabla ya ile ya chumba cha chini chenye ubaridi. Kuchekecha vumbi na kutumia punje zilizobaki hakuiponyi. Itoe nyumbani siku hiyo hiyo, maana ikiwa nyingi inaweza kuwaka yenyewe. Kiasi kidogo tawanya kwa wembamba juu ya majani ya bustani; kiasi kikubwa, piga simu zimamoto.

SWALI: Nina baruti ya jeshi ya WC 844 yenye lebo kamili. Wanasema ni H335 ya dukani. Ni kweli?
Msomaji, Dallas

JIBU: Ni ndugu, lakini usiitie kama pacha. WC 844 ni WC 846, baruti ya jeshi iliyoitangulia, ila imewekewa kikomo cha kalsiamu kaboneti, iliyokuwa ikiacha uchafu kwenye njia ya gesi ya bunduki ya M16. Tofauti kubwa iko kwenye matoleo. Baruti ya dukani huchanganywa ili kila kopo lilingane na kitabu. Ya jeshi haichanganywi hivyo: kiwanda cha risasi hupima kila toleo na kurekebisha ujazo wake. Kwa hiyo toleo moja linaweza kuwa la haraka kuliko jingine, kwa jina lile lile.

Kwa risasi za 5.56, anza na kipimo cha chini kabisa cha H335, kwa kichwa cha risasi cha uzito uleule. Jaza risasi tano, piga juu ya kronografu (kipima kasi cha risasi), kisha panda kwa graini 0.3, yaani kipimo cha uzito wa baruti. Kasi ikifika kiwango cha juu cha kitabu, simama, hata kama mizani inasema bado: kasi hiyo imelipiwa na shinikizo. Simama pia praima (viwashio vya kitakoni) zikilala bapa, au kitako cha ganda kikipata alama ya kisukumio. Kopo likiisha na la pili likawa na namba nyingine ya toleo, anza upya kutoka chini. Usiyachanganye.

SWALI: Naruhusiwa kuweka kiasi gani nyumbani?
Msomaji, Columbus

JIBU: Kanuni ya NFPA 495, ya shirika la Marekani la kinga ya moto, inayofuatwa na miji mingi ya Marekani, inaruhusu ratili 20 kwenye makopo ya asili, zaidi ya hapo hadi 50, ndani ya sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja. Sefu ya chuma haifai, kwani moto ukiingia hugeuka bomu. Uliza pia zimamoto wa mji wako, kwani mingine ina kikomo cha chini zaidi.