Biti za ufunguo hazilingani magari yakikimbia? Anza na muda

Ndugu, umesema magari yako mawili yanapimana nguvu ya mawimbi ili yatunge ufunguo wa siri. Yakisimama biti (0 na 1 zinazounda ufunguo) zinalingana, yakikimbia robo nzima inapishana. Hapo shida ni muda. Kwenye masafa ya redio ya 5.9 GHz, magari yakikaribiana kwa 108 km/h, chaneli (njia ya mawimbi kati ya magari) hubadilika ndani ya takriban milisekunde 0.7. Jibu likichelewa zaidi ya hapo, kila gari limepima kitu chake. Usijibu kupitia programu. Jibu litoke kwenye kadi ya redio yenyewe, kwa pakiti fupi.

Kati ya kipimo na kipimo, lakini, subiri zaidi ya muda huo, la sivyo vipimo vitafanana na utapata 11110000, ufunguo wa kukisiwa. Ondoa wastani unaosogea (mabadiliko ya umbali hata mdukuzi anayaona), weka vizingiti viwili (juu ya cha juu ni 1, chini ya cha chini ni 0), vipimo vya katikati tupa. Makosa yanayobaki sahihisha kwa Cascade (njia ya magari kulinganisha pariti, yaani kama idadi ya 1 kwenye kundi la biti ni shufwa au witiri), ukipunguza kwenye hesabu ya biti za siri kila biti ya pariti iliyopita hewani, kisha zipitishe kwenye SHA-256 (kanuni ya kuchanganya data), chukua biti 128.

Barabara tupu isiyo na majengo wala malori itakupa biti chache sana. Na pakiti zisainiwe kwa cheti cha kidijitali cha gari, ama sivyo mdukuzi anayejiweka katikati atapatana ufunguo na kila gari kivyake.