Usiupike uyoga huo kabla mtu aliyesomea hajaushika mkononi

Usiupike. Uache hapo ulipo na usome jibu hili hadi mwisho kabla hujamkaribisha mtu yeyote mezani.

Mdogo wangu, umeandika kwamba umehamia Brandenburg, hapa Ujerumani, mwaka huu, kwamba jana umeokota mfuko mzima wa uyoga mweupe wenye kijani cha mbali chini ya mialoni, kwamba programu ya simu imekuambia unaliwa, na kwamba kesho jioni utawapikia wageni wa nyumbani. Kisha umeuliza juu ya beri nyeusi za pembezoni mwa msitu, juu ya sheria za kuokota, na namna ya kukausha ili umpelekee mama Mafinga. Wenzangu waliotangulia kujibu wamekupongeza kwa kuwa na macho mazuri. Nawaomba wazifute pongezi hizo, kwa sababu katika picha uliyoweka naona mambo mawili yaliyonikosesha usingizi: zile kurasa nyembamba zilizopangana chini ya kofia ni nyeupe kabisa, na mashina yote yamekatwa kwa kisu.

Ulipokata shina juu ya udongo, uliacha ardhini kile ambacho kingekuokoa. Uyoga ambao Wajerumani wanauita Grüner Knollenblätterpilz, na wataalamu Amanita phalloides, huota hapa kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi vuli, na hupenda sana kukaa na mialoni. Kofia yake huwa ya kijani kilichofifia, lakini yaweza kuelekea njano au kuwa nyeupe kabisa, kurasa zake ni nyeupe, shinani kuna pete laini, na chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo au chini ya majani makavu, shina limesimama katika kifuko cheupe kilichochanika. Pete yaweza kudondoka, na rangi hupauka kwa mvua na jua. Kifuko ndicho alama iliyo imara kuliko zote, na kisu chako kimekiacha msituni. Simwambii mtu kwa picha kwamba huu ndio wenyewe. Nakwambia kwamba hakuna mtu wala mashine inayoweza kukuhakikishia kuwa sio, na nusu ya kofia moja yatosha kumwua mtu mzima.

Sasa sikia kwa nini sisi tuliotoka nyanda za juu tuko hatarini zaidi kuliko mtu ambaye hajawahi kuokota uyoga maishani mwake. Katika misitu ya miombo, kuanzia Iringa hadi Zambia na Katanga, watu hula uyoga wa jamii hii hii ya Amanita. Upo Amanita zambiana, upo Amanita loosei, upo hata ule uliopewa jina la nchi yetu, Amanita tanzanica, nao wote huchomoza kutoka katika kifuko. Bibi yangu kule Mufindi aliujua vizuri na alitulisha bila kumdhuru mtoto hata mmoja, na wala hakukosea, kwa kuwa elimu yake ilikuwa ya msitu ule, wa miti ile, wa mvua za Novemba hadi Aprili. Wale waliokulia uyoga wa vichuguuni nao wana mazoea yao: wanauona uyoga mweupe, mkubwa, wenye kurasa nyeupe, na mkono unaenda wenyewe. Uyoga wa vichuguuni, Termitomyces, hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu, na Ujerumani haina mchwa wa namna hiyo. Kwa hiyo chochote ulichokiona Brandenburg kikakukumbusha kichuguu cha kwenu si kile unachokidhania, hata kifanane namna gani.

Nilipokuwa bado mgeni hapa, mimi na shemeji yangu tuliokota kwa mazoea hayo hayo, tukakata kwa kisu ili tusichafue kapu, tukapika kwa kitunguu na nyanya, tukala na ugali saa mbili usiku. Ulikuwa mtamu. Hilo nalisema makusudi, kwa sababu wapo wanaosubiri uchungu mdomoni uwape onyo, na waliopona sumu hii wengi wamesema kama mimi kwamba chakula kilikuwa kizuri. Tukalala salama. Kabla ya alfajiri tumbo likatushika, tukatapika na kuharisha maji hadi miguu ikakosa nguvu, na asubuhi tukajikokota hadi kliniki ya jirani.

Daktari wa zamu aliuliza kama tumekula hotelini. Tulisema hapana, tumepika wenyewe nyumbani, naye akaandika kwamba ni kirusi cha tumbo, akatupa chumvi za kuchanganya na maji, akaturudisha. Sisi hatukutaja uyoga kwa sababu tuliamini kwamba sumu humpata mtu papo hapo, na kwamba chakula kilichopita saa nane tumboni kwa amani hakina kesi ya kujibu. Lakini yeye alikuwa amesomea. Katika nchi ambayo kila mwisho wa kiangazi watu hujaa misituni na vikapu, mgonjwa anayeanza kutapika saa nyingi baada ya chakula anapaswa kuulizwa swali moja tu la nyongeza, na swali hilo halikuulizwa. Bado linaniuma.

Hata hivyo, gharama kubwa haikutokana na kliniki. Ilitokana na siku iliyofuata, kwa sababu siku hiyo tuliamka tuna nafuu. Kuhara kulikoma, uji ulikaa tumboni, na shemeji akavaa nguo za kazi akaenda zake, akisema kwamba hawezi kupoteza mshahara kwa ajili ya tumbo lililokwisha kupona. Mimi nilimwitikia. Nikamwambia aende. Mdogo wangu, nafuu hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Sumu ya uyoga huu huingia katika chembe za ini na kuzuia kile kimeng'enya ambacho chembe hukitumia kunakili maagizo ya kutengeneza protini, na chembe isiyoweza kutengeneza protini hufa polepole bila mwenyewe kusikia maumivu. Wakati mgonjwa anacheka na kunywa chai, ini linaoza. Isitoshe, ini huitoa sehemu ya sumu pamoja na nyongo, nyongo huimwaga utumboni, na utumbo huifyonza tena na kuirudisha kwenye ini, kwa hiyo kila saa ya kungoja ni mzunguko mwingine.

Shemeji alirudi kutoka kazini macho yamegeuka manjano. Usiku huo fizi zilitoka damu, na akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Safari hii tulipelekwa hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa, na muuguzi mmoja, kabla hata hajatoa damu, aliuliza: je, mmeokota uyoga? Walitupa mkaa maalumu wa kunywa, maji mengi ya mshipani, na dawa iitwayo silibinini, ambayo hutokana na mmea wa miiba ambao Wajerumani wanauita Mariendistel na huzuia sumu isiingie katika chembe za ini. Mimi, niliyekuwa nimekula kidogo, dawa ilinikuta na kitu cha kuokoa. Yeye alihitaji ini jipya, na kwa rehema za Mungu lilipatikana. Leo anaishi kwa ini la marehemu asiyemjua, na dawa za kuzuia mwili usilikatae atazimeza maisha yake yote. Dada yangu hajanilaumu hata siku moja, na hilo ni zito zaidi kulibeba.

Sasa niwaseme waliotudanganya, kwa sababu nawaona bado wanafundisha watu. Alikuwapo mzee mmoja wa kwetu, mwenye sauti kubwa kwenye kila mkusanyiko, aliyetuambia tuchemshe na kijiko cha fedha na kitunguu maji, kwamba visipogeuka vyeusi basi ni salama. Ni uongo, sumu hii haigeuzi kijiko wala kitunguu. Alituambia tutazame kama konokono wameutafuna, kwa kuwa mdudu hali sumu. Ni uongo, konokono huula na kwenda zake, maana mwili wake si mwili wako. Alituambia ngozi ya kofia ikichunika vizuri basi unaliwa, na ngozi ya uyoga huu huchunika vizuri sana. Alituambia tuchemshe mara mbili tumwage maji. Joto la jikoni halivunji sumu hii, wala kukausha, wala kugandisha, kwa hiyo ule mpango wako wa kukausha na kumpelekea mama ungeifikisha sumu Mafinga ikiwa kamili. Mzee huyo hakuwahi kutuomba radhi. Nasikia sasa anarekodi video.

Na hiyo programu ya simu usiitetee. Inapewa picha iliyopigwa kwa juu, haioni kifuko, hainusi, haijui mti uliokuwa jirani, kisha inakujibu kwa asilimia zinazokufanya uamini kuwa imehesabu kitu. Anayeuza ushauri wa namna hiyo na kuweka kwa maandishi madogo kwamba hahusiki na madhara amekwisha kukuambia mwenyewe thamani ya ushauri wake.

Usidhani kwamba haya yalitupata sisi peke yetu. Mwaka 2015, wakimbizi wengi walipokuwa wamewasili Ujerumani, wengi wao wakitoka Syria, hospitali ya chuo kikuu cha tiba cha Hannover iliwapokea watu waliokula uyoga huu wakiufananisha na wa kwao, ikabidi yatolewe matangazo ya onyo kwa lugha kadhaa. Mwaka 2021 huko Poland, watoto wawili wa familia moja iliyokuwa imetoka tu kuokolewa Afghanistan walikula supu ya uyoga uliookotwa msituni karibu na kituo chao, na wote wawili wakafa, mmoja akiwa amekwisha kubadilishiwa ini. Angalia vizuri wanaokufa ni akina nani: ni watu wanaojua kuokota, ila walijifunzia mahali pengine.

Ndiyo maana nina sharti moja ambalo sitalilegeza kwa mtu yeyote: uyoga wa porini hauingii sufuriani kwangu mpaka mtu aliyepimwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo auone mzima mzima, kuanzia kofia hadi udongo ulioshika kwenye shina. Watu hao wapo. Chama cha wanasayansi wa uyoga cha Ujerumani, Deutsche Gesellschaft für Mykologie, huwatahini na kuwapa vyeti, wanaitwa Pilzsachverständige, na orodha yao imewekwa kwenye tovuti ya chama ili umtafute aliye karibu nawe. Wengi hukagua kapu bila malipo au kwa kitu kidogo. Ukimwendea, mpelekee uyoga uliong'olewa kwa kuuzungusha taratibu pamoja na sehemu ya chini, kila aina ikiwa peke yake kwenye karatasi na si kwenye mfuko wa plastiki, ambamo huvunda haraka. Mtu mwenye elimu hatakucheka. Mimi bado naenda kila msimu, na vipo vikapu ambavyo nimevirudisha nyumbani vikiwa nusu.

Wengi hapa hukwambia uanze na ule usio na kurasa, wenye sifongo chini ya kofia, kama Steinpilz na Marone. Ni ushauri mzuri kwa mwanafunzi, kwa kuwa kundi hilo halina ule wa kuua ini, lakini limo lenye kuumiza tumbo vibaya na umo wenye uchungu unaoharibu sufuria nzima, kwa hiyo sharti langu linabaki pale pale. Pfifferling wa njano nao, ambao utakukumbusha ule wa njano wa kwetu, una mwingine unaofanana nao machoni pa mgeni, na katika misitu ya misonobari kuna uyoga wa kahawia uitwao Cortinarius rubellus ambao huharibu figo, na dalili zake zaweza kuchelewa hadi wiki mbili au zaidi. Je, nani baada ya wiki mbili atakumbuka alichokula?

Beri nyeusi zinazong'aa, zilizokaa moja moja katika kikombe cha majani matano, usizionje kabisa. Hiyo ni Tollkirsche, nayo huua.

Jioni hii fanya hivi. Uyoga wako uufunge katika karatasi, uandike mahali ulipouokota, uuweke mbali na chakula na mbali na watoto, na sufuria au ubao wowote uliougusa uuoshe vizuri. Usiutupe, kwa sababu ukihitajika utambuliwe utakuwa ushahidi. Rudi pale pale ulipokata, fukua kwa kijiti taratibu pembeni mwa shina lililobaki, utazame kama kuna kifuko, ukipige picha, ukipeleke pamoja na mengine kwa mkaguzi. Wageni wapikie kuku.

Na kama umekwisha kuonja, au kuna mtu nyumbani aliyeonja, hata kipande, usingoje tumbo liume wala usipumbazwe na tumbo lililotulia. Piga sasa hivi kituo cha sumu cha Berlin, 030 19240, hupokea usiku na mchana, au 112, na maneno ya kwanza kutoka kinywani mwako yawe kwamba mmekula uyoga wa porini na saa mliyokula. Beba mabaki ya chakula, maganda yaliyo kwenye ndoo ya taka, na kama mtu ametapika, beba na matapishi yake katika kikopo. Waliokula pamoja nanyi waende wote, hata yule anayesema yeye hajambo.