Karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa tumboni isomeni mpaka mstari wa mwisho

Nyinyi mnaoanza kazi ya tiba hapa Lamu, mgonjwa akirudi kutoka Mombasa na majibu ya kamera ya tumbo, msimpongeze kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi nilikosea. Ami mmoja, fundi wa mashua wa Matondoni, alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zimelowa jasho. Nikaona "hakuna saratani", nikamwambia amshukuru Mungu, akaenda zake. Mstari wa chini ulisema utando wa tumbo lake umegeuka ukafanana na wa utumbo, na bakteria wa Helicobacter pylori wamo. Niliusoma miezi minane baadaye, aliporudi analalamika kuchomwa chini ya chembe cha moyo. Muda wote huo bakteria hawakutibiwa.

Saratani nyingi za tumbo haziji kwa ghafla. Bakteria hao huuchoma utando miaka na miaka. Tezi za tindikali hunyauka, seli hujigeuza zikawa kama za utumbo, na kwa wachache seli hizo huharibika zaidi mpaka zikawa saratani. Wengi hawafiki huko, kwa hiyo msimtie mtu hofu. Lakini tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO limemweka bakteria huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na kumtibu hupunguza hatari hata pale utando usiporudi ulivyokuwa.

Vidonda navyo vitofautisheni. Cha mwanzo wa utumbo mdogo ni nadra kuwa saratani. Cha tumbo lenyewe huweza kuwa saratani yenye sura ya kidonda, ndiyo maana hukatwa vinyama, na mara nyingi kamera hurudiwa kuona kama kimepona.

Kabla ya kupima choo kuwatafuta bakteria hao, ulizeni habari ya dawa ya kupunguza tindikali: "Omeprazoli umeinywa lini?" Watu huinunua dukani kama peremende, nayo huficha bakteria. Iachwe wiki mbili, antibayotiki wiki nne. Dozi ya kuwatibu bakteria ikiisha, subirini angalau wiki nne ndipo mpime tena. Hapa ndipo wengi hupotea: maumivu yakiisha, nauli ya boti huonekana hasara. Mimi huwapigia simu.

Ami alimeza dawa siku 14, choo kikapimwa, bakteria hawapo. Mwaka wa kurudia kamera nimeuandika kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu, na bintiye ndiye anayeitunza.