Kufundisha urithi wa rangi ya macho: kwa mwalimu mpya wa Baiolojia

Mwalimu mwenzangu, ukifika kwenye jenetiki kidato cha nne utakuta mfano wa rangi ya macho umetulia kitabuni, hauna wasiwasi: kahawia inatawala, bluu inajificha. Wazazi wawili wenye macho ya kahawia wanaweza kupata mtoto mwenye macho ya bluu, ila wazazi wawili wa bluu hawapati mtoto wa kahawia hata siku moja. Unachora jedwali la Punnett, lile linaloonyesha jeni za baba na za mama zinavyoweza kukutana kwa mtoto, unapiga hesabu, kengele inalia. Kabla hujauweka kwenye andalio la somo, ujue una kasoro mbili. Kwanza, darasani kwako ukiuliza nani ana macho ya bluu, huenda usione mkono hata mmoja. Pili, mambo hayaendi hivyo.

Na kasoro ya pili ndiyo inayouma, kwa sababu yupo mwanafunzi atakayelibeba jedwali lako mpaka nyumbani. Atamtazama baba, atamtazama mama, atajitazama kwenye kioo, halafu kesho yake anakuvizia nje ya stafu na swali la sauti ya chini: "Mwalimu, mimi macho yangu mepesi, wazazi wote macho meusi. Inawezekana?" Hapo haulizi Baiolojia, anauliza kama baba yake ni baba yake. Mjini Mombasa, Lamu au Unguja, ambako familia zimechanganyika karne nyingi na watu wa Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, mtoto wa "macho ya paka" hutokea kwenye nyumba ambayo hakuna aliyemtarajia, na maneno huanza hata kabla hajatoka arobaini. Usiwe wewe unayewapa wambea ushahidi wa kisayansi.

Habari ya kahawia kutawala bluu ni ya zamani. Mwaka 1907, miaka saba tu baada ya kufufuliwa kwa kazi ya Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi, Charles na Gertrude Davenport wa Marekani waliandika kwamba macho ya binadamu yanafuata sheria ya jeni moja. Enzi hizo kila mtu alikuwa anatafuta Mendel kila mahali. (Charles Davenport huyohuyo akaja kuwa kinara wa harakati za kuwagawa wanadamu kuwa bora na duni, jambo ambalo vitabu vyetu hulipita kimyakimya.) Mfano wake ukaonekana mwepesi kufundisha, ukabaki.

Mimi huanzia kwenye jicho lenyewe, jeni baadaye. Wapange wanafunzi wawili wawili karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni wala usiwapige usoni, kila mmoja atazame ile duara yenye rangi inayozunguka mboni ya mwenzake, yaani irisi. Wape muda. Watakuja na majibu ambayo hawakuyategemea: huyu irisi yake imekoza mpaka mboni haionekani inapoanzia, yule ni kahawia ya wastani, mwingine ana vimstari vya njano vinavyotoka kwenye mboni kwenda nje. Darasa ambalo kwenye daftari lingeandikwa "kahawia" kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, kumbe lina rangi chungu nzima. Sasa swali limekuwa lao: tofauti hii inatoka wapi?

Inatoka kwenye melanini, ileile inayotia rangi ngozi na nywele. Kwenye tabaka la mbele la irisi, melanini nyingi hutoa kahawia iliyokoza, kiasi cha kati hutoa kahawia nyepesi au kijani, na ikiwa kidogo sana jicho huonekana la bluu. Hakuna rangi ya bluu ndani ya jicho. Ni mwanga unaotawanyika ndani ya irisi, kwa namna inayokaribiana na ile inayofanya anga lionekane la bluu. Ukishasema hivyo, "kahawia dhidi ya bluu" inaporomoka yenyewe, maana wameshaona ni suala la kiasi, na kiasi huwa na ngazi nyingi.

Ndipo sasa uingie kwenye jeni. Kwenye kromosomu namba 15 kuna jeni inayoitwa OCA2, ambayo seli inaihitaji ili kutengeneza melanini ya kutosha. Jirani yake ni jeni nyingine, HERC2. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba badiliko la herufi moja ya DNA ndani ya HERC2 hupunguza kazi ya OCA2 kwenye irisi. Waambie OCA2 ni taa na kipande hicho cha HERC2 ni swichi yake: taa haijaharibika, ila imefifishwa. Wazungu wengi wenye macho ya bluu wana swichi iliyofifishwa kutoka kwa baba na kwa mama pia. Waafrika wengi tunayo ile ya asili, isiyofifishwa.

Swichi hiyo ina nguvu kubwa, ndiyo maana hesabu ya jeni moja hukaribia ukweli mara nyingi. Lakini haiko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha karibu watu 195,000, uliongeza maeneo mapya 50 ya DNA yanayochangia rangi ya macho. Kwa hiyo wazazi wawili wa macho ya bluu kupata mtoto wa kahawia ni jambo la nadra, lakini lipo. Na wazazi wa macho meusi kupata mtoto wa macho mepesi wala si ajabu. Anayeuliza nje ya stafu mjibu hivyo, wazi, bila kumung'unya maneno: rangi ya macho haithibitishi wala haikanushi nani ni baba wa nani.

Kazi ya nyumbani ya "chora ukoo wako na rangi za macho yao" usiitoe. Darasani una yatima, una wanaolelewa na bibi au shangazi, una mwenye baba wa kambo ambaye hajaambiwa. Tumia familia ya kubuni, au leta gunzi la mahindi lenye punje za rangi mbili wahesabu. Mfano wa kukunja ulimi, unaotajwa sana kama tabia ya jeni moja, nao achana nao. Mapacha wa kufanana hutofautiana kwa hilo, kwa hiyo si jeni moja.

Ukitaka tabia ya jeni moja iliyo karibu nasi, ipo, na inarudi palepale kwenye OCA2: ualbino. Aina iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara hutokana na jeni hiyo, na kwa wengi hitilafu yenyewe ni kipande cha herufi kama 2,700 kilichokatika. Hapa taa yenyewe ndiyo imeguswa, ndiyo maana ngozi, nywele na macho vyote hubadilika, na uwezo wa kuona hupungua. Baba na mama wana rangi ya kawaida, kila mmoja amebeba nakala moja yenye hitilafu bila kujua, na uwezekano wa mtoto mwenye ualbino ni robo kwa kila mimba. Kaa hapo kwenye "kila mimba", kwa sababu wengi huelewa kwamba ukishapata mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Robo huanza upya kila mara. Kama unaye mwanafunzi mwenye ualbino, zungumza naye faragha kabla ya kipindi, na darasani asigeuzwe zana ya kufundishia.

Maswali mengine yatakuja ya kutoka kwenye simu. Picha za Waafrika wenye ngozi nyeusi na macho ya bluu makali mara nyingi ni za watu wenye hali ya Waardenburg, ambayo ni ya kurithi na wakati mwingine huambatana na uziwi. Babu mwenye duara la kijivu jichoni hajabadilika rangi ya irisi. Ni mafuta yaliyojikusanya pembezoni mwa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kawaida uzeeni. Ila mtoto mdogo ambaye mboni yake inang'aa nyeupe kwenye picha zilizopigwa kwa flashi apelekwe hospitali haraka, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Hilo liseme hata kama halimo kwenye muhtasari.

Kuhusu mtihani usiwe na hofu. Swali likisema "chukulia kwamba aleli ya kahawia inatawala aleli ya bluu" (aleli ni namna mojawapo ya jeni), wafuate sharti la swali, wachore jedwali, wapate alama zao. Wafundishe tu kulipigia mstari neno "chukulia" kabla ya kuanza kujibu.